Miguu ya Kukhu

Pauline anasema ilikuwa ni chura. Yeye ni jirani yangu wa mlango wa pili hapa kwa ploti, Kitale, na anasema aliona kwa macho yake mwenyewe. Ati alikuwa amekaa kwa mlango wake asubuhi akikatakata sukuma wiki, akamwona Nasambu wangu akienda peke yake mpaka choo cha nje, akasukuma mlango wa bati, akainua gauni vizuri kama mtu mzima na kuchuchumaa. Kidogo tu, chura akaruka kutoka kwa shimo. Si hawa vyura wadogo wa matope. Ati ni chura mzee, mweusi, na akamgusa mtoto kwa mguu. Nasambu akatoka mbio chupi ikiwa kwa magoti, akaanguka karibu na tangi la maji, akauma meno. Tangu saa hiyo tumbo likajifunga.

"Nilicheka mpaka machozi," Pauline ananiambia. "Halafu nikaacha kucheka. Woga ikiingia kwa tumbo ya mtoto, Mama Nasambu, haitoki hivi hivi."

Mama Gathoni, mwenye ploti, alikuwa anaanika nguo na akasikia.

"Chura gani? Hiyo shimo nilimwaga dawa mimi mwenyewe. Hata mende hakuna."

"Mimi niliona, bana!"

"Wewe huona vitu mingi, Pauline. Juzi si uliona nyoka, kumbe ni mshipi wa mzee wangu?"

Watu wa ploti wakacheka. Mimi sikujua nimwamini nani, kwa sababu mimi nilikuwa kazini. Nikachuchumaa mbele ya mtoto nikamuuliza, "Nasambu, uliona chura kwa choo?"

"Ndio."

"Uliona chura ama uliona ng'ombe?"

"Ng'ombe," akasema, akarudi kucheza.

Kwa hivyo hata leo sijui.

Nasambu anaelekea miaka minne. Tangu aache kunyonya amekaa na mama yangu, Bungoma, upande wa Lugulu. Anamwita Kukhu, yaani nyanya, na mimi nikiwa hapo pia nimezoea kumwita hivyo. Mimi nilikuja Kitale kutafuta kazi nikapata ya kuchagua maharagwe kwa stoo. Tunakaa chini wanawake wengi, kila mtu na ungo wake, tunatoa yaliyooza, tunatoa mawe, tunaacha mazuri. Derrick, babake Nasambu, alienda Suam, mpakani, kupakia malori na simu yake ikanyamaza huko. Nilikuwa namwona mtoto Krismasi na Pasaka. Nikifika, alikuwa ananiangalia kama mgeni aliyeleta mkate.

Pasaka ya mwaka huu nikasema basi, imetosha. Mtoto ajue mamake. Kukhu hakunikataza. Alikunja nguo za Nasambu moja moja, akaweka kwa mfuko. Mwalimu wa nasari ya karibu na ploti akaniambia mtoto atapokewa akijua kwenda choo mwenyewe. Nikaona hiyo si kazi. Nikamnunulia poti ya plastiki, ya buluu, ina umbo la bata na kichwa cha kushikilia. Alipenda hiyo bata sana. Alilaza mwanasesere wake ndani. Alipika maharagwe ya uongo ndani. Aliivaa kwa kichwa kama kofia akazunguka nayo ploti nzima. Kukalia ndiyo alikataa.

Mtoto asipojifunza, hatapokewa nasari. Asipopokewa, siwezi kukaa naye na kazi pia. Itabidi arudi kwa Kukhu, na mimi nirudi kuwa mgeni wa mkate. Nilikuwa nikilijua hilo kila asubuhi nikiamka.

Siku ambazo Pauline hakuweza kukaa naye nilikuwa naenda naye stoo. Alicheza juu ya magunia, na mimi mikono ikiwa kwa maharagwe, macho yalikuwa kwake. Nikaanza kuona kitu. Katikati ya mchezo alikuwa anasimama ghafla. Anapanda kwa vidole vya miguu, anapishanisha miguu kama makasi, anashika gunia kwa nguvu, na macho yanaangalia mbali sana. Pua inatoa jasho.

"Nasambu, unataka kwenda?"

"Sitaki."

"Unasukuma?"

Mimi nikawaambia wenzangu, ona, anasukuma, sasa itatoka. Tukawa tunamshangilia kutoka chini, "Ndio, mama! Sukuma, mama! Ndio hivyo!" Alizidi kujikunja. Halafu ikapita. Akashusha visigino akarudi kucheza, kama mtu aliyefukuza kuku kwa mahindi na kuku ameenda. Chini hakuna kitu. Kesho yake hivyo, na kesho kutwa hivyo.

Halafu chupi zikaanza kuchafuka. Kidogo kidogo, maji maji, na harufu mbaya. Namwosha, namvalisha nyingine, kabla sijaanika ile ya kwanza hii nayo imechafuka. Nikamuuliza Pauline.

"Si anahara," akasema. "Woga imeanza kutoka maji. Hiyo ni ya kufungwa haraka kabla mtoto aishiwe na maji."

Kwetu kila mtu anajua dawa ya kuhara. Mpera uko hapo kwa ua. Pauline akapanda kwa kiti akachuma majani machanga, tukachemsha mpaka maji yakawa ya rangi ya chai. Nasambu alikunywa akikunja uso. Nikamwachisha maziwa. Nikamwachisha papai. Nikampa ndizi mbichi za kuchemsha na chai ya rangi, vile mama yeyote angefanya. Nilifanya kwa bidii, sikuruka hata kikombe kimoja.

Chupi haikuacha kuchafuka. Na tumbo likawa gumu kama boga. Uji ukiwekwa mbele yake anageuza kichwa. Usiku wa kuosha chupi nilikuwa najiuliza swali moja bila jibu: mtu anawezaje kuhara na tumbo limejaa? Kama anatoa, mbona halipungui? Na kama halipungui, hizi ninazoosha ni nini?

Mama Gathoni alikuwa na jibu lake. "Shida si tumbo, Mama Nasambu. Shida ni wewe. Unambembeleza sana. Wangu wote walijua choo kabla hawajajua kusema. Unakalisha mtoto kwa poti, unasimama nyuma yake na mwiko, haamki mpaka atoe. Na akitoa, humsifu. Ni kazi yake."

Yeye amelea watoto wanne na wote ni watu. Kwa hivyo nikajaribu. Mwiko sikushika, lakini nilimkalisha kwa bata, nikasimama nyuma nikamshika mabega. Nasambu akalia kilio ambacho sijawahi kusikia kwake. Milango yote ya ploti ikafunguka. Alikuwa anaita, "Kukhu! Kukhuuu!" na mikono yake imenyooka mbele, kama kuna mtu amekaa hapo mbele yake ambaye sisi wengine hatumwoni.

Nikamwachilia. Akaingia chini ya kitanda.

Hapo ndipo Pauline alikuja na sabuni. Alikuwa ameshachonga kipande, laini, kama kidole kidogo, cha kuingizwa nyuma ili tumbo litoe kila kitu. "Mimi nishike miguu, wewe uingize. Ni dakika tu. Hata mimi niliwekwa nikiwa mtoto, na si unaniona?"

Nasambu alitazama ile sabuni kutoka chini ya kitanda. Hakulia. Alinitazama mimi, akangoja aone nitafanya nini.

"Acha, Pauline," nikasema.

"Nikusaidie halafu uniambie acha?"

"Nimesema acha, dada yangu. Tafadhali."

Akaweka sabuni kwa meza, akasimama kwa mlango. "Sawa basi. Mpeleke kwao."

Kwao. Kwao ni wapi, na mimi mamake niko hapa?

Nikampigia Kukhu simu. Nilieleza yote, chura, majani ya mapera, bata, mpaka sauti ikaniisha. Kukhu akauliza kitu kimoja tu. "Anakula?"

"Hapana."

"Mlete."

Niliogopa hilo neno kuliko hata tumbo. Kumpeleka ni rahisi. Kumtoa tena huko, sikujua.

Tulipofika Bungoma, Nasambu alimkimbilia Kukhu akamshika kiunoni na kuficha uso kwa leso yake. Kukhu alimpapasa tumbo mara moja tu, akafyonya, akaingia ndani kuvaa viatu. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Tukaenda hospitali ya misheni saa hiyo hiyo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, Everlyne, mwenye sauti ya pole. Alimlaza Nasambu akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, akamuuliza habari za kuku wa nyumbani huku anabonyeza. Halafu akanigeukia.

"Shida ni nini, mama?"

"Anahara," nikasema.

"Hahari. Amefunga choo."

Nikafikiri hakunisikia. "Lakini daktari, chupi zinachafuka kila saa."

"Umewahi kuona mtaro umezibwa na jiwe? Maji hayakai yakingoja. Yanapita kando ya jiwe. Hiyo ndiyo unaosha. Jiwe lenyewe bado liko." Akanionyesha kwa mkono, juu ya tumbo la mtoto, kutoka hapa mpaka hapa. "Umempa dawa gani?"

Nikamwambia. Majani ya mapera, ndizi mbichi, chai ya rangi. Sauti yangu ilikuwa inapungua kila nikitaja kimoja.

Hakucheka. "Majani ya mapera ni ya kufunga. Mlifunga mlango ambao ulikuwa umeshafungwa. Si wewe wa kwanza, mama. Wiki haipiti bila kuona mmoja."

Nikamweleza pia vile anavyosimama kwa vidole akitoa jasho, vile tulivyokuwa tunamshangilia kwa stoo asukume.

"Hiyo si kusukuma," daktari akasema. "Hapo anazuia. Siku moja ilitoka ngumu ikamuuma, akaamua haitatoka tena. Kila ikija anaikaza irudi. Ikirudi inakauka zaidi, na siku nyingine inauma zaidi. Inazunguka hivyo."

Nilikumbuka sauti zetu. Ndio, mama! Sukuma, mama! Na yeye peke yake juu ya magunia, anapigana kuizuia, na sisi tunamshangilia adui yake.

"Na chura?" nikauliza.

"Chura yupi?"

Nikamweleza. Akafikiri kidogo. "Inaweza kuwa chura. Inaweza kuwa maumivu. Inaweza kuwa kuhama tu, nyumba mpya na choo kipya. Mtoto wa umri huu hakuambii ni gani, hata yeye hajui." Akaandika dawa, maji matamu ya kulainisha, anywe kila siku. Papai arudishiwe, maziwa kiasi, maji kwa wingi. Akishakula akalishwe bila haraka. Hakuna kuchapa, hakuna sabuni, hakuna kumkalisha kwa nguvu. "Na akianza kwenda vizuri usikimbilie kuacha dawa. Hii ni mambo ya miezi, si ya siku. Sasa niambie, hapa nyumbani, kabla hujamchukua, alikuwa anaendaje?"

Nilijua nguo zake ni za saizi gani. Nilijua anapenda sima ya ukoko. Hili sikujua.

Kukhu akajibu, akiangalia ukuta. "Kwa miguu yangu."

"Kwa miguu vipi?" nikauliza mimi, si daktari. Daktari alikuwa ameshaelewa.

"Kwani wewe ulifunzwa wapi? Si ni hapa," akasema, akajigonga kwa muundi wa mguu.

Nilijua watoto wachanga wanawekwa hivyo. Mama anakaa chini, ananyoosha miguu, mtoto anakalia juu ya vifundo akimwangalia mama usoni, na haja inashuka katikati. Lakini huyo ni mtoto asiyetembea. "Kukhu, huyu anaelekea miaka minne!"

"Nani alikuambia amekua? Mimi nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe."

Dawa haikufanya kazi siku hiyo, wala kesho yake. Ilikuwa asubuhi nyingine, baada ya uji, nilipomwona amesimama karibu na ghala. Vidole vya miguu, makasi, macho mbali. Nikataka kumwita. Kukhu akanishika mkono. "Wacha."

Akachukua ungo wenye njugu, akaenda zake nyuma ya nyumba kwa migomba. Akakaa juu ya gunia, akapandisha leso mpaka kwa magoti, akanyoosha miguu, vidole vikiangalia juu. Akaanza kumenya njugu. Hakumwita mtu. Hata hakugeuza kichwa.

Nasambu akamwangalia kwa muda mrefu. Halafu akashuka kutoka kwa vidole vyake, akaenda, akainua gauni, akakalia vifundo vya Kukhu na kumshika magoti.

"Mulembe," Kukhu akamsalimia, kama mtu aliyetembelewa.

"Mulembe."

"Ile kuku nyeusi imetaga wapi leo?"

"Chini ya kitanda." Halafu uso ukakunjika. "Kukhu, inakuja! Sitaki!"

"Iko njiani tu. Inakuja kusalimia. Nishike."

Alilia. Kucha zake ziliingia kwa magoti ya Kukhu mpaka nikaona alama. Kukhu hakutoa mguu, hakusema sukuma, aliendelea kuuliza habari za kuku. Na mimi nimesimama nyuma ya mgomba nimejifunga mdomo kwa mkono. Ilipotoka, nilitazama kando, kwa sababu sikuelewa vile kitu kikubwa hivyo kilikaa ndani ya mtoto wangu, na mimi hapo karibu nikichagua maharagwe.

Kukhu akamfuta kwa jani la mgomba, akamwaga majivu, akafukia kwa jembe. Nasambu akaenda kucheza. Mchana alikula mpaka akaomba ukoko.

Nilijaribu na mimi. Nilingoja baada ya chakula, nikakaa pale pale juu ya gunia, nikanyoosha miguu, nikajifanya nachambua mboga. Niliacha hata kupumua vizuri. Nasambu alikuja. Alizunguka miguu yangu mara mbili kama anayenunua. Akakaa. Akanitazama usoni kutoka karibu, na mimi sikujua niweke macho wapi. Nikasahau habari ya kuku.

"Miguu yako ni baridi," akasema.

Nilikuwa nimetoka kufua. Akakaa kidogo bado, nadhani kwa huruma, halafu akainuka akaenda kumtafuta Kukhu. Siku hiyo, na siku zilizofuata, ilikuwa ni kwa miguu ya Kukhu.

Pauline akapiga simu. Sauti yake ilikuwa na furaha kama ya mtu aliyeshinda kesi. "Mama Nasambu! Nimeiona! Chura yetu! Imetoka kwa shimo leo asubuhi, hata Mama Gathoni amekimbia, ameacha kiatu! Si niliwaambia?" Kisha akashusha sauti. "Na mtoto?"

"Anaendelea."

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Asante Yesu. Na unarudi naye lini? Mwenye stoo anauliza. Ati maharagwe mapya yamefika, anataka watu."

Nikamwambia Ijumaa. Hiyo ilikuwa siku ya kurudi mimi. Sikujua kama nilijibu kuhusu Nasambu.

Kwa hivyo chura yuko. Lakini daktari anasema maumivu, na Kukhu hasemi kitu, ananyoosha tu miguu. Ikiwa ni chura, nitahamia ploti nyingine. Ikiwa ni maumivu, nina dawa kwa chupa. Lakini ikiwa ni mimi? Nimelichagua hilo jambo vile nachagua maharagwe, naweka huku, naweka huku, na kila nikiinua moja naona linafanana na lile lingine.

Ijumaa asubuhi niliamka mapema nikachemsha maji, nikaweka miguu ndani ya beseni mpaka yakapoa, nikaongeza mengine. Kukhu alinipita akienda kukamua ng'ombe, akaona, akaendelea na ndoo yake. Nikafunga mifuko. Nguo za Nasambu, chupa ya dawa, bata ya buluu juu kabisa kwa sababu haikuingia. Nasambu alikuja akaitoa, akaiweka chini uani, akaikalia na nguo zake zote, akashika kichwa chake akaiendesha. Kuku wakamkimbia.

Kukhu alitoka jikoni na ungo. Akasimama karibu nami. Tukawa tunamwangalia mtoto wote wawili.

"Roselyne, mwanangu."

"Eeh, mama."

"Niachie yeye mpaka tuvune. Tumbo bado ni bichi. Halafu utakuja umchukue, nami sitakuzuia." Sauti yake ilikuwa ya chini. Mama yangu si mtu wa kuomba. Sikumbuki siku nyingine aliniomba kitu. "Utaniachia?"

Nilitaka kusema ndio, kwa sababu ni kweli tumbo bado ni bichi. Nilitaka kusema hapana, kwa sababu mpaka tuvune ni mbali, na mtoto anasahau uso haraka.

Hapo Nasambu akaacha bata. Akasimama. Visigino vikapanda, mikono ikashika nguzo ya ghala, akatuangalia, kwanza Kukhu, halafu mimi, halafu Kukhu.

Kukhu hakusogea. Ungo ulikuwa mkononi mwake na swali lilikuwa bado hapo katikati yetu.

Nikavua viatu. Nikakaa chini pale pale kwa vumbi, na sketi yangu ya safari, nikaipandisha mpaka kwa magoti, nikanyoosha miguu. Nikaigusa kwa mkono. Ilikuwa na joto.

"Ile kuku nyeusi," nikasema, bila kuangalia upande wa mtu yeyote, "imetaga wapi leo?"